Kiti cha Kipaza

Mama yake alimpa jina la bibi mzaa mama, jina zito la watu wa zamani, na nyumbani ndilo lililotumika. Chuoni halikufika hata mwaka mmoja. Huko alikuwa Kipaza, kwa kifupi cha kipaza sauti, na hata wahadhiri waliokuwa wakali kwa mambo ya utani walimwita hivyo bila kucheka. Ukiuliza habari za msichana wa kemia mwenye alama nzuri ungeambiwa wako wengi. Ukimuulizia Kipaza, hata mlinzi wa getini angekuonyesha alikopita.

Alikuwa mmoja wa wanafunzi wa ufaulu wa juu. Chuo kilikuwa na programu yao maalumu, wenye alama za juu kabisa kutoka kila kitivo, na wanafunzi wengine, kwa wivu kidogo na kejeli nyingi, waliwaita wateule. Wateule walikuwa na chumba chao cha kusomea chenye viti vya kuzunguka, mratibu wao, na zaidi ya yote walikuwa na hafla zao. Hafla hizo ndizo zilizowatoa watu mate. Wageni wakubwa walialikwa, wakuu wa maabara, wa hospitali, wa mashirika na vyuo vya nje, na kila mgeni alipewa meza yake ya duara. Wateule walikaa nao, wakala keki, wakazungumza. Hakukuwa na mtihani wala usaili. Alama zinajulikana, alipenda kusema mratibu, kilichobaki ni mtu mwenyewe. Kabla ya shughuli kufungwa, kila mgeni alimnong'oneza mratibu jina la mwanafunzi anayemtaka, na mshereheshaji akalitangaza jukwaani. Basi, umeshapata nafasi yako, nenda kafunge virago.

Ni utaratibu mzuri kwa aliyekaa. Sasa fikiria aliyesimama.

Yote yalianza mwaka wa kwanza, kwenye hafla yake ya kwanza kabisa. Mshereheshaji aliyekodiwa alishikwa na mafua, akafika ukumbini sauti imekauka. Mratibu alianza kuhangaika kati ya meza kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni. Kipaza, wakati huo hana jina hilo, alikuwa amewahi kufika ili apate kiti kizuri karibu na mgeni wa maabara ya dawa. Akamwambia mratibu, kwa adabu tu, kwamba labda watangaze shughuli itachelewa kidogo. Alisema bila kupaza sauti, lakini nusu ya ukumbi iligeuka. Binti huyu alilelewa chini ya meza ya cherehani. Mama yake ni mshonaji, na ukitaka kusikika kwenye chumba chenye cherehani inayonguruma kutwa, unajifunza mapema kusema kwa kifua. Mratibu hakuuliza swali la pili. Alimkabidhi kipaza sauti, akamsukuma jukwaani.

Akawa mzuri mno, na hapo ndipo alipojiponza. Alijua kumtaja mkubwa kabla ya mdogo, alijua kuchekesha bila kumuudhi mtu, na akishaelezwa kazi ya mwanafunzi kwa dakika chache anaieleza vizuri kuliko mwenyewe. Hafla iliyofuata mratibu hakukodi mtu. Iliyofuata hiyo wala hakumuuliza, alimtumia tu ratiba. Wateule wengine walikaa kwenye meza, mmoja akachukuliwa na watu wa misitu, mwingine hospitali ya mji mwingine, wawili wakavuka bahari. Kila jina lililotangazwa lilitangazwa na yeye, kwa sauti ile ile ya furaha, na kila aliyeondoka alimkumbatia na kumwambia hafla ilikuwa tamu. Halafu walimtumia picha. Yeye picha zake zote zilifanana: gauni tofauti, kipaza sauti kile kile.

Si kwamba hakusema. Alisema mara nyingi. Mratibu, mtu mwema asiye na hila, ambaye wanafunzi walimwita Mzee wa Fursa kwa sababu neno hilo halikukauka mdomoni mwake, alimjibu kila mara kwa jibu moja. Alimwambia yeye ndiye sura ya Programu, kwamba wageni wote wanamjua, kwamba fursa yake inakuja. Na ni kweli wageni walimjua. Walimpa mkono wakitoka, wakamsifu, wakaingia kwenye magari yao. Inakata maini kusifiwa hivyo na watu usiowahi kukaa nao hata kwa kikombe kimoja cha chai.

Mwaka wa mwisho, zikiwa zimebaki hafla chache, habari zikaja kwamba Profesa wa maji atahudhuria. Huyu mama alikuwa na maabara yake inayochunguza visima vyenye madini yanayotia meno rangi ya kahawia na kukunja mifupa ya watoto, na kila baada ya muda alichukua mwanafunzi mmoja tu akakae naye mwaka mzima. Kipaza aliposikia alikaa kitandani, mikono mapajani.

Mama yake alikunywa maji ya kisima kama hicho utoto wake wote. Alihamia mjini akiwa tayari mtu mzima, kwa hiyo binti alikua na meno meupe na mama akabaki na yale ya kahawia, yenye madoa. Hakuwahi kulalamika. Lakini hakuna siku mama huyu alicheka bila kuweka kiganja mdomoni. Hata akiwa peke yake na binti yake, hata gizani umeme ukikatika, mkono ulipanda wenyewe. Ndiyo maana Kipaza alisoma kemia, na ndiyo maana wenzake wakiandika tasnifu juu ya rangi na sabuni, yeye alishinda nyuma ya maabara akichoma mifupa ya ng'ombe, akiisaga na kuijaza kwenye ndoo, akipitisha maji na kupima kilichobaki. Mifupa iliyochomwa ipasavyo hunasa yale madini. Alinuka moshi wa mifupa kiasi kwamba mwenzake wa chumbani, msichana mpole wa kemia vilevile na mteule mwenzake, aliyeitwa Miwani, alimnunulia sabuni ya manukato na kumwekea juu ya mto bila neno.

Alipiga moyo konde akaenda ofisini kwa mratibu. Akamwambia hafla hiyo haongozi, anataka kukaa meza ya Profesa. Mzee wa Fursa alimtazama kama vile kipaza sauti chenyewe kimeomba likizo.

"Sasa nani ataongoza, mwanangu?"

Alikuwa na jibu. Alikuwa amemwandaa kijana wa sheria wa mwaka wa pili, anaitwa Wakili, msemaji hodari, amemfundisha utaratibu wote. Mratibu aligeuza kalamu mezani, akashusha pumzi, akakubali. Akaongeza tu kwamba meza ya Profesa itawekwa karibu na jukwaa, na Kipaza akae upande wa mbele, kwa lolote. Kipaza alilisikia lile "kwa lolote" na halikumpendeza, lakini mtu aliyesimama miaka yote hiyo hakatai kiti kwa sababu ya kilipowekwa.

Kosa lake lilikuwa kutomwambia mama. Mama alikuwa akimshonea gauni jipya kila hafla, na safari hii, aliposikia kuna mgeni mkubwa, alichagua kitambaa cha rangi ya chungwa chenye vimetameta, akakishona kwa ajili ya taa za jukwaani. Kipaza alilivaa mbele ya kioo cha duka, mama amepiga magoti kushona pindo, pini mdomoni, anamwambia akisimama pale juu hata watu wa mlangoni watamwona. Kumwambia kwamba hasimami kulihitaji moyo ambao alikuwa ameshautumia ofisini kwa mratibu. Akasema ahsante, mama.

Kwa hiyo mchana wa hafla Kipaza aliingia ukumbini akimeta kama karatasi ya pipi, na akakaa. Alikaa kwa uangalifu, akakisogeza kiti, akaweka mikono juu ya kitambaa cha meza. Kulia kwake Miwani, kushoto wavulana wawili wa uhandisi, na mbele yake Profesa, mama mnene wa umri wa kati, viatu amevivua chini ya meza bila kuficha. Jukwaani Wakili alifungua shughuli vizuri sana. Akawatania wahandisi, ukumbi ukacheka, akawaachia watu wazungumze. Kipaza alianza kupumua.

Profesa aliwataka wajieleze mmoja mmoja. Miwani alisema kidogo kwa sababu ya aibu. Wavulana walisema mengi. Zamu ya Kipaza ikafika, akakohoa, akainua kidevu.

"Kwa niaba ya wanafunzi wenzangu," akaanza, "napenda kuchukua fursa hii..."

Meza nzima iliangua kicheko. Hata yeye alicheka, lakini aliona haya mpaka masikio yakawaka. Maneno yalikuwa yametoka yenyewe, kama mkono wa mama yake unavyopanda mdomoni.

"Haya," alisema Profesa, akitabasamu, "na kwa niaba yako mwenyewe?"

Alitafuta sauti nyingine, ile anayoitumia chumbani na Miwani, na akaipata. Akamweleza Profesa juu ya kiganja cha mama yake. Akamweleza juu ya ndoo, na mifupa anayopewa bure na muuza nyama anayedhani ana mbwa wengi. Profesa aliacha keki yake. Aliegemea mbele, viwiko mezani, akavuta kiti, na wavulana wa uhandisi wakajikuta wanaongea wao kwa wao.

"Mifupa unaichoma kwa moto gani?" aliuliza. "Hapo ndipo wengi wanaharibu."

Hilo ndilo swali alilokuwa ameishi nalo mwaka mzima. Moto ukizidi, mifupa inakuwa myeupe na haishiki kitu. Ukipungua, maji yananuka na hakuna atakayeyanywa. Alikuwa ameharibu magunia kabla ya kuipata rangi yenyewe, nyeusi inayoelekea kijivu, na angeitambua hata kwa kuishika tu. Alifungua mdomo.

Ndipo akasikia jukwaani Wakili akisema, "Itifaki imezingatiwa."

Kwa msiojua mambo ya hafla, maneno hayo ni ya mzungumzaji. Mgeni akipanda jukwaani baada ya wakubwa wote kutajwa, husema hivyo ili asirudie majina. Mshereheshaji hayasemi, kwa sababu kuzingatia itifaki ndiyo kazi yenyewe. Wakili alikuwa ameyasikia kila hafla, yakamteleza, na alikuwa hajamtaja mkubwa hata mmoja. Mbaya zaidi, Makamu Mkuu wa Chuo alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni na ujumbe wake, akingoja kutajwa ili atembee. Akasimama. Ujumbe nyuma yake ukasimama. Wakili aliona alichofanya, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Kijana atakayewatetea watu mahakamani alisimama akiwa amepigwa na butwaa, kipaza sauti kikikuza pumzi zake ukumbi mzima.

Kimya kile Kipaza alikijua kwa ngozi. Alijua kila sekunde inayopita inazidi kuwa nzito, alijua hata maneno matatu ambayo yangekimaliza. Aliuma meno. Alishika kingo za kiti kwa mikono miwili, chini ya meza, akamtazama Profesa na kusema, "Moto wake..."

"Kipaza," mtu aliita kutoka meza za nyuma, kwa sauti ya chini. Mwingine akaita. Gauni la chungwa halikuwa la kutafutwa. Halafu wakaanza kupiga makofi polepole, kwa mapenzi kabisa, kama timu inavyomwita mchezaji wake. Mzee wa Fursa alikuwa amesimama ukutani, mikono ameishika kifuani, hamwiti, anamtazama tu kwa macho ya mzazi mwenye mgonjwa.

Profesa aligeuka kutazama kinachoendelea. Akacheka kidogo, akampigapiga Kipaza mkononi. "Wanakutaka wewe. Nenda, tutaendelea."

Nani atakuja kusema kwamba alilazimishwa? Hakuna aliyemshika mkono. Miguu ilisimama, mkono ukapokea kipaza sauti, na kabla hajafika katikati ya jukwaa tayari alikuwa anasema kwamba ukimya ule ulikuwa ni heshima maalumu iliyoandaliwa na kitivo cha sheria kwa ajili ya Makamu Mkuu, kwa kuwa mawakili hukaa kimya mara moja tu maishani. Ukumbi ulilipuka. Makamu alitembea akicheka. Wakili alishuka nyuma ya pazia akalia. Kipaza akawataja wakubwa wote, mmoja baada ya mwingine, hakukosea cheo hata kimoja.

Alidhani atashuka mara moja. Lakini Makamu alikuwa na hotuba, baada ya hotuba kulikuwa na zawadi, baada ya zawadi picha. Kutoka juu aliiona meza yake. Kiti chake kilikuwa kitupu kwa muda. Kisha Miwani akahamia hapo ili asikie vizuri, na Profesa akawa anaongea naye, viwiko mezani.

Mratibu alimletea jukwaani majina aliyonong'onezwa. Kipaza alisoma la maabara ya maji kimoyomoyo kabla ya kulitamka, kama alivyozoea, ili asikosee. Kisha akalitamka. Alilitamka jina kamili la Miwani, la baba na la babu, akanyoosha mkono kuelekea kwenye meza, akasema bahati ya Profesa ni kubwa kuliko ya mwanafunzi. Watu walisimama kushangilia. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, na hilo lilimuumiza kuliko jina lenyewe.

Chumbani jioni Miwani hakuwasha taa. Alikaa kwenye kitanda chake na viatu miguuni, akasema anataka kuongea na asikatizwe. Alieleza kwamba Profesa alirudia swali la moto, na hapakuwa na mtu wa kujibu.

"Nilijibu kwa niaba yako," alisema Miwani. "Nimekusikia ukilisema mara ngapi humu ndani? Nikamwambia wazi ni kazi yako, si yangu. Nikamwambia wewe ndiye unayeongoza hafla zetu zote, tangu mwaka wa kwanza."

"Akasemaje?"

Miwani alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi. "Akatazama jukwaani, akasema, 'Basi yule ana kazi yake tayari.' Akanigeukia mimi."

Akasema kwamba kesho ataenda kukataa. Alimaanisha, alikuwa mtu wa namna hiyo. Kipaza alimtaka asifanye upuuzi. Alimwelekeza rangi ya mifupa, akampa gunia dogo la mifupa ya mfano lililokuwa chini ya kitanda, akamwambia asikubali mtu amwongezee moto. Alimkasirikia sana, na hakuwa na sababu ya kumkasirikia, na hilo lilikuwa kama kufungiwa chumba kisicho na mlango wa kupiga teke. Kabla hajalala simu ililia. Mzee wa Fursa alimshukuru kwa kuiokoa siku, akamwambia Makamu Mkuu mwenyewe ameulizia, na kwamba kuna mpango wa kumwajiri palepale chuoni akishahitimu, awe ndiye mwenye hafla zote. Fursa yake imekuja, alisema, na sauti yake ilijaa furaha ya kweli.

Mwisho wa juma alikwenda nyumbani. Dukani kulikuwa na mteja, mama mmoja aliyekuja kupunguziwa sketi, amekalia kiti cha wateja. Mama alisimamisha cherehani alipomwona binti yake mlangoni. Alikuwa ameshaiona hafla yote kwenye simu, mtu alimtumia, na gauni lilionekana kama alivyosema, mpaka mlangoni. Alimsukumia stuli yake mwenyewe. Kisha, kabla binti hajakaa, akabadili mawazo.

"Hebu simama kwanza, mwanangu. Mwonyeshe mama huyu ulivyomtangaza yule mwenzako. Ile mwishoni, ya bahati ya Profesa."

Kipaza alisema amechoka. Mama alimwambia mara moja tu, mgeni asikie. Yule mteja akageuka kwenye kiti, sketi mapajani, akingoja.

Akaliweka begi chini. Akainua kidevu, akanyoosha mkono kuelekea kwenye cherehani, na kwa sauti ile ya kifua akalitaja jina la Miwani, la baba na la babu, yote. Mama yake alicheka kwa fahari, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kiganja chake kimefunika mdomo.

"Tena," alisema, kwa nyuma ya mkono.

Akalitaja tena.